Kabla Villain Awe Adui wa Muvi, Alikuwa Mshamba Tu

Kila muvi lazima iwe na villain. Thanos. Joker. Yule Scar anayemwachilia ndugu yake aanguke ndio arithi ufalme wa simba. Siku hizi hata huhitaji muvi. Msee akichoka kubembeleza watu anaandika kwa status kwamba sasa yeye ndiye villain, na mbogi yote inaelewa bila maelezo. Ni neno la mtu mbaya, mbaya kabisa, ila ana stail yake.

Sasa shika hii. Neno hilo halikuanza kwa muuaji, wala mwizi, wala mchawi. Lilianza kwa mtu wa jembe.

Warumi walikuwa na kitu kinaitwa villa: nyumba kubwa ya tajiri huko mashambani, pamoja na ardhi yote inayoizunguka. (Wale mawakala wa Nairobi wanaoita kila apatimenti ya ghorofa tano villa, hamjambo.) Mtu aliyeishi na kufanya kazi kwenye ardhi hiyo aliitwa villanus. Ukilitafsiri kwa Kiswahili bila kuongeza chumvi, villanus ni mshamba. Mtu wa shamba, basi. Kifaransa cha kale kikalichukua likawa vilain, Wanormani wakavuka bahari nalo, na Kiingereza kikabaki na neno moja lenye maandishi mawili: villein na villain. Karne nyingi watu waliyachanganya tu bila kujali. Baadaye wanahistoria wakaweka villein kwa yule mkulima wa zamani, na villain akaachiwa ubaya. Ni ndugu pacha, mmoja alibaki ocha akasahaulika, mwingine akaenda Hollywood.

Na kabla uwacheke Wazungu, jiulize sisi tulifanya nini na mshamba. Maana yake ya kwanza haina ubaya wowote. Lakini mwite mtu mshamba pale Kencom uone kama atakushukuru. Safari ileile, hatua kwa hatua, tumeitembea kwa lugha yetu wenyewe. Ndio maana hii story ya villein hainipiti hivi hivi.

Twende polepole. Mwaka 1086, miaka 20 baada ya Wanormani kuvamia Uingereza, nchi ilihesabiwa kwa amri ya mfalme William: nani ana ardhi gani, plau ngapi, vinu vingapi, watu wangapi. Matokeo yake ni Domesday Book, na bado iko London hadi leo. Humo ndani, karibu wanne kati ya kila watu kumi walioandikwa ni villani. Wakati huo halikuwa tusi. Lilimaanisha mwanakijiji mwenye kipande cha kulima, na kulikuwa na watu wengi chini yake, wakiwemo watumwa kabisa.

Shida ilikuja na wanasheria. Kuelekea mwisho wa karne ya 12, mahakama za mfalme zilikuwa zinapanuka, na swali likazuka: nani anaruhusiwa kwenda huko kumshtaki kabaila, yaani yule bwana mwenye ardhi? Jibu likawa, mtu huru peke yake. Basi ikabidi mstari uchorwe kati ya aliye huru na asiye huru, na villein akajikuta upande wa chini. Hakuhama. Hakukosea mtu. Kwa vizazi vichache tu, mwanakijiji akawa mtwana.

Utwana huo ulikuwaje? Siku mbili au tatu kila wiki unalima shamba la bwana bila malipo, na wakati wa mavuno unaongezewa. Binti yako akiolewa, unamlipa bwana ada ya ruhusa. Ukitaka kumpeleka kijana wako shule awe kasisi, unalipa pia, kwa sababu bwana anapoteza mikono ya kazi. Ukifa, kabla familia imalize kulia, bwana anachukua mnyama wako bora zaidi. Nafaka yako lazima uisage kwa kinu chake na umwachie sehemu ya unga. Yeye akiuza ardhi, wewe unauzwa nayo. Ukitoroka, anaweza kukufuata akurudishe.

Kulikuwa na mlango mmoja mdogo wa kutokea. Miji mingi yenye hati ya mfalme ilikuwa na desturi kwamba villein akiishi humo mwaka mmoja na siku moja bila kukamatwa, amekuwa huru. Kwa hivyo wale waliokimbilia mjini wakati huo hawakufuata raha na taa. Walikuwa wanahesabu siku.

Kuna kitabu cha sheria cha karne ya 13, kinachojulikana kwa jina la Bracton, ambacho kilieleza alama ya utwana kwa njia ambayo bado inanikwaruza: ni mtu ambaye jioni hajui asubuhi atatumwa kazi gani. Jamaa wa mjengo anayesimama getini saa kumi na mbili asubuhi akingoja kuchaguliwa hahitaji kufafanuliwa hapo.

Sasa, mtu kunyonywa ni kitu kimoja. Kwani jina lake liligeukaje kuwa jina la uovu?

Angalia nani alikuwa na kalamu. Villein hakuandika kitu. Walioandika walikuwa watawa, makarani wa makabaila, na washairi waliolipwa kuchekesha majumba ya wakubwa. Katika hadithi za Kifaransa za karne ya 12 na 13, vilain ni mhusika wa kawaida kabisa: ana sura mbaya, ananuka, ni mchoyo, haelewi mapenzi, haelewi adabu. Ikasaidia pia kwamba Kifaransa kilikuwa na neno vil, la kitu cha bei rahisi na kisicho na heshima. Halina ukoo na villa, ila sikioni yanafanana, na yakaegemeana. Neno lilipoanza kuonekana kwa Kiingereza karibu mwaka 1300, tayari lilikuja na harufu.

Na hakuwa peke yake. Churl, ambaye kwa Kiingereza cha kale alikuwa mkulima wa kawaida na tena huru, leo ni mtu mkorofi asiye na shukrani. Boor, ambaye ni mkulima pia, ndugu wa boer ya Kiholanzi, wale tunaowaita Makaburu, leo ni mtu asiye na adabu. Knave alikuwa mvulana tu, kisha kijana wa kutumwa, mwishowe laghai. Halafu geuza upande wa pili wa sarafu. Gentle ilimaanisha aliyezaliwa ukoo mzuri. Leo ni mpole. Noble ni mtu wa tabaka la juu; leo ni mwenye moyo safi. Frank linatoka kwa Wafranki, walioteka nchi inayoitwa leo Ufaransa na kuwa watu huru humo. Leo ni mkweli asiyeficha. Yaani jina la maskini likawa tabia mbaya, na jina la tajiri likawa tabia nzuri, kwa lugha ileile, karne zilezile.

Kiswahili hakijanusurika. Muungwana huko Pwani alikuwa mtu aliyezaliwa huru, asiye mtumwa. Leo tunasema "kuwa muungwana" tukimaanisha uwe na heshima. Na aliyekuwa kinyume chake, yule wa kutoka bara asiyejua mambo ya mji? Mshenzi. Hilo usimwambie mtu yeyote ukiwa peke yako.

Kuna mji unaitwa St Albans, kama kilomita 30 kaskazini mwa London, na hapo ndipo story hii yote inakaa kwa kipande kimoja cha sakafu.

Mji ulikuwa mali ya abasia, nyumba kubwa ya watawa. Wakazi walisema wao ni watu wa mji, watu huru. Abasia ikasema nyinyi ni villein wetu, na nafaka yenu mtaleta kwa kinu chetu. Wakazi walikuwa na mawe ya kusagia ya mkono nyumbani, kama yale cucu zetu walitumia kabla posho mill ifike, na walitaka kusaga wenyewe bila kuacha unga kwa mtu. Wakabishana miaka na miaka. Miaka ya 1330, abati Richard wa Wallingford, mtu mwerevu sana wa hesabu aliyebuni saa kubwa ya kuonyesha mwendo wa jua na mwezi, alishinda kesi. Mawe ya kusagia yakachukuliwa nyumba kwa nyumba. Na hakuyatupa. Aliyatandaza sakafuni, kwenye sebule ya abasia. Kila mtu wa mji aliyeitwa pale kwa shida yoyote alisimama juu ya mawe ya mama yake.

Shikilia hiyo sakafu.

Mwaka 1348 tauni iliingia Uingereza na kuua kati ya theluthi na nusu ya watu. Waliobaki wakagundua kwamba mikono yao imekuwa na bei. Wakaanza kudai mshahara mkubwa, na villein wakaanza kuhama kwenda kwa anayelipa. Serikali ikajibu kwa sheria mbili, ya 1349 na ya 1351: mshahara urudi ulivyokuwa kabla ya tauni, na anayeacha kazi kabla ya muda wake afungwe. Halafu vita na Ufaransa vikahitaji chapaa, wakaanzisha kodi ya kichwa. Mwaka 1377 ilikuwa peni 4 kwa kila mtu mzima. Kufikia ile ya tatu, iliyopitishwa mwishoni mwa 1380, ilikuwa peni 12, mara tatu, na maskini alilipa kama tajiri isipokuwa majirani wasaidiane. Watu wakaanza kuficha majina kwenye daftari za kodi. Wakaguzi wakatumwa vijijini.

Mwisho wa Mei 1381, huko Brentwood, Essex, watu walikataa. Kufikia tarehe 13 Juni, maelfu kutoka Essex na Kent walikuwa ndani ya London. Juni, kodi, umati, mji mkuu. Najua unawaza nini, nami nimewaza. Tuendelee na 1381.

Waliteketeza Savoy, kasri la John wa Gaunt, baba mdogo wa mfalme. Waliwakata vichwa askofu mkuu wa Canterbury, aliyekuwa pia chansela, na mweka hazina wa nchi. Waliwaua pia Waflemi, wahamiaji ambao hawakuwa na kosa lolote, na hilo haliwezi kupakwa rangi nzuri. Lakini kila mahali walipopita, kitu kimoja walichokitafuta sana kilikuwa karatasi. Daftari za mahakama za makabaila, zile zilizoandika nani ni villein wa nani, zilichomwa kwa mafungu. Walijua vizuri kwamba utwana wao ulikuwa umehifadhiwa kwa maandishi.

Tarehe 14 Juni, pale Mile End, mfalme Richard wa Pili, kijana wa miaka 14, alikubali: utwana umekwisha, kodi ya ardhi iwe peni 4 kwa eka. Makarani wakakaa chini wakaandika hati za uhuru. Kesho yake, Smithfield, kiongozi wao Wat Tyler aliuawa wakati wa mazungumzo mbele ya mfalme, kwa mkono wa meya wa London na watu wake.

Na St Albans? Walipopata habari, wakazi wakiongozwa na William Grindcobbe walienda London wakapata barua ya mfalme, wakarudi, wakaingia abasia. Wakavunja sakafu ya sebule. Wakayang'oa yale mawe, wakayapasua vipande vidogo, wakagawana kila mtu chake apeleke nyumbani, kama mkate uliobarikiwa kanisani. Miaka 50 ilikuwa imepita. Wengi waliobeba vile vipande hawakuwa wamezaliwa mawe yalipochukuliwa.

Haikuchukua mwezi. Mapema Julai mfalme alifuta hati zote. Grindcobbe alikamatwa, kisha akaachiliwa kwa dhamana ili akawashawishi wenzake warudishe hati walizopata kwa abati. Akafika, akawaambia wasirudi nyuma, hata kama yeye atakufa. Akanyongwa. Kasisi John Ball, aliyekuwa akihubiri kwamba mwanzoni hakukuwa na bwana wala mtwana, aliuawa mji huohuo.

Sasa jiulize tumejuaje haya yote. Mwandishi mkuu wa habari hizi za St Albans ni Thomas Walsingham. Kazi yake: mtawa wa abasia ya St Albans. Ndio, ileile yenye sakafu. Kwake, waliovunja sebule ni wanyama, ni wajinga, ni watu wa shamba waliosahau nafasi yao. Ni yeye pia anayesimulia kwamba mfalme aliwaambia wajumbe wa Essex watabaki kwenye utwana wao, tena mbaya kuliko wa kwanza. Hatuna kitabu kilichoandikwa na mtu aliyebeba kipande cha jiwe. Ukitaka kujua villein alivyogeuka villain, sidhani unahitaji nadharia ya lugha. Soma tu nani alisimulia.

Cha kuchekesha, utwana wenyewe ulikufa baadaye bila kelele. Watu walikuwa wachache, makabaila wakaona ni afadhali kukodisha ardhi kwa pesa. Hakuna siku moja bunge liliketi likaufuta. Mwaka 1574 Malkia Elizabeth wa Kwanza bado alikuwa anawaachilia watwana wa mwisho kwenye ardhi yake, kwa malipo. Neno ndilo lilikataa kufa. Karibu mwaka 1600 Shakespeare, katika As You Like It, anamfanya kaka mkubwa amwite mdogo wake villain, na mdogo anajibu kwamba yeye si villain, ni mtoto wa fulani. Mmoja anatukana tabia, mwingine anatetea ukoo. Maana zote mbili zilikuwa bado hai mdomoni. Adui wa hadithi, yule tunayemjua sisi, alikuja kuzoeleka karne ya 19.

Mkulima mwenyewe alirudi mara moja mahakamani, kama mzimu. Mwaka 1772, James Somerset, Mwafrika aliyeletwa London kama mtumwa na kufungwa kwa meli impeleke Jamaica, alikuwa mbele ya jaji Mansfield. Wakili wake Francis Hargrave alisema utumwa pekee ambao sheria ya Uingereza iliwahi kuutambua ni ule wa villein, na huo umekufa, kwa hivyo hakuna sheria ya kumshika huyu. Somerset aliachiliwa.

Ungedhani hapo imekwisha. Ila ile sheria ya 1351 ilizaa watoto. Kwa karne kadhaa Uingereza ilikuwa na sheria za bwana na mtumishi, ambazo mfanyakazi akiacha kazi kabla ya muda wake ni jinai, anafungwa. Kwao walifuta jinai hiyo, kwa sehemu kubwa, mwaka 1875. Mwaka 1906 wakaileta hapa, na jina lake lilelile, sheria ya mabwana na watumishi. Mwaka 1910 wakaleta kodi ya kichwa, juu ya ile ya nyumba iliyokuwa imeanza 1901. Shabaha haikuwa fedha tu: mwanamume asiye na shilingi lazima aende kwa mlowezi kuitafuta.

Halafu mwaka 1918 ikaja sheria ya Waafrika wanaoishi kwenye mashamba ya walowezi. Ukitaka kukaa pale, kulima kijisehemu na kuchunga mbuzi wako, mara nyingi kwenye ardhi ambayo babu zako waliijua kabla mlowezi azaliwe, utamfanyia kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Piga hesabu. Villein wa siku tatu kwa wiki alifanya siku 156. Ni kweli skwota alilipwa kitu kidogo, na villein hakulipwa. Sheria ya 1937 ikafungua mlango hadi siku 270.

Nimeshaliandika hilo neno: skwota. Ndilo walilopewa. Kwa Kiingereza ni mtu aliyechuchumaa mahali pasipo pake, na ukimwita mtu hivyo umeshaamua kesi ya ardhi kabla hajafungua mdomo. Walowezi haohao waliokota pia mshenzi kutoka Kiswahili, wakakata kichwa likabaki shenzi, wakalitumia kwa Kiingereza chao kwa kila kitu cha hovyo, kuanzia mbwa hadi mtu.

Villein siku hizi yuko kwa vitabu vya historia na mitihani ya watoto wa Uingereza. Skwota yuko kwa habari za saa moja, akihojiwa mbele ya tingatinga, na chini ya skrini wameandika hivyo hivyo: skwota.